Daftari Lililoanzia Hatua ya Tatu

Nyumbani kwa Pratima Sanyal hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali kabla ya kula, na polisi nao hawakuwa na msamaha. Inspekta Nibedita Kundu alilijua hilo tangu anavua viatu mlangoni, ila kwa haraka aliyokuwa nayo akajitia hajui. Akafungua faili. Bibi Pratima akalifunga kwa kiganja, akamsogezea sahani ya naru, vile vidonge vya nazi na sukari guru ambavyo mtaa mzima wa Nabinpalli huwawekea wageni wa Bijoya, siku zile za kusalimiana baada ya sanamu ya Durga kuzamishwa mtoni.

"Kula, mwanangu. Hata serikali ina tumbo."

Nibedita akala. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Saa nane mchana karandinga lingeondoka kituoni na Laltu ndani, na kwa jinsi faili lilivyokaa, hakimu angemtia rumande bila hata kuinua macho. Siku kumi na nne rumande, halafu nyingine kumi na nne, halafu nani tena wa mtaani angempa fundi huyo kompyuta yake aishike? Akamaliza naru ya pili.

Lilikuwa faili safi, na usafi huo ndio uliomkera. Aliliandika mkuu wa kituo mwenyewe, Tarak Samanta, ambaye kituo kizima kilimwita Borobabu. Asubuhi ya kwanza ya Bijoya, siku tano zilizopita, simu ya mkononi ya Bibi Pratima iliita saa tano na dakika kumi na saba. Kijana mwenye adabu zake akajitambulisha kuwa ni Rohan, kutoka idara ya usalama wa kompyuta, akasema mashine ya bibi ina ugonjwa na inauambukiza mji mzima. Akamwonyesha mahali penye orodha ndefu ya makosa, yote mekundu. Kisha akamwambia afungue dirisha jeusi, aandike neno fupi, na kabla bibi hajatamka kitu, Rohan akamsomea namba ya siri ya mashine yake, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Ikalingana na ile iliyokuwa kwenye skrini. Hapo bibi akamwamini, akamruhusu kuingia ndani ya kompyuta kutoka mbali, akaangalia kishale kikitembea chenyewe, akaingia benki ili alipe ada ya rupia kumi tu, akasoma kwa sauti namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu. Baada ya saa mbili na dakika tisa simu ilikatika, na akiba yake ya uzeeni ilikuwa imekwisha.

Nani mwingine aliijua namba ya siri ya mashine ile? Borobabu alijiuliza swali hilo na kujijibu palepale. Kompyuta ile kwa miaka kumi na moja ilishikwa na watu wawili tu, mwenyewe na Laltu, fundi mwenye kibanda chini ya ngazi za duka la dawa. Tena Laltu alionekana kwenye geti la bibi siku hiyohiyo, saa sita hivi, simu ikiwa bado inaendelea. Katibu wa klabu ya mtaa, Bwana Guha, alimwona mgongo kutoka roshani ya ng'ambo. Tena mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Laltu hakuja kumgusa bibi miguu na kupokea baraka za Bijoya. Mtu mwenye dhambi hukwepa miguu ya wazee, aliandika Borobabu, na akapigia mstari.

"Mashima," Nibedita alisema, maana kila mtu mtaani alimwita hivyo, mama mdogo, hata watu waliomzidi umri. "Laltu hakuja kabisa?"

"Hakuja."

"Wala hukumpigia simu wewe?"

Bibi Pratima alinyanyua sahani, akaipeleka jikoni, akarudi akijifuta mikono. Alikuwa na miaka sabini na miwili, thelathini na nne kati yake alifundisha jiografia, na sauti yake bado ilifika dawati la nyuma. Lakini jibu hili lilitoka dogo. Akasema hapana, angempigia kwa nini, na akauliza kama Inspekta atakunywa chai nyingine.

Nibedita alikuwa na tabia ambayo mumewe aliiita ugonjwa: asipopewa jibu, macho yake huanza kutembea chumbani. Yakatembea. Pale ilipokaa kompyuta palikuwa na mraba usio na vumbi. Mashine ilichukuliwa na kituo. Kando yake, juu ya kimeza, ilikaa simu ya mezani ya rangi nyeusi, na chini ya simu kitabu cha klabu cha Puja, ile sikukuu ya Durga, kile kinachochapwa kila mwaka chenye mashairi ya watoto, picha za wafadhili na kurasa chungu nzima za matangazo. Kalamu ilifungwa kwenye simu isipotee, kwa kipande cha waya wa buluu. Hakuna lolote hapo la kuandika kwenye faili. Alivitazama tu kwa sababu vilikuwepo.

"Huyo Rohan alikwambia hatua nyingi. Unazikumbuka?"

"Sizikumbuki. Niliziandika." Na hapo mwalimu akarudi mwilini mwake. Alivuta droo, akatoa daftari lenye jalada la kahawia. "Mtu akinielekeza njia naandika. Niliwafundisha hivyo watoto elfu ngapi sijui. Chukua, lakini nirudishie."

Nibedita alilisoma daftari akiwa juu ya riksho, magoti yakigonga. Mwandiko ulikuwa wa kupendeza hata mahali palipoeleza maangamizi. Hatua ya tano, fungua orodha ya makosa. Hatua ya sita, dirisha jeusi, andika neno hili. Hatua ya saba, namba, na namba yenyewe imenakiliwa yote, ndefu, ikianza na nane tatu mfululizo. Hatua ya tisa ilisema: usiongee na mtu, usimfungulie mtu mlango mpaka kazi iishe. Pembeni ya hatua ya tisa paliandikwa kwa herufi ndogo: kengele, mara tatu.

Akarudi mwanzo wa ukurasa ili aanze tena kwa utaratibu, na ndipo alipoona kwamba mwanzo haupo. Orodha ilianza na namba tatu. Akapitisha kidole kwenye mshono wa daftari. Karatasi moja ilikuwa imechanwa, kwa uangalifu, na rula.

Mahabusu ya kituo ilikuwa na mtu mmoja tu asubuhi ile. Laltu, jina lake la kwenye vyeti Sukanta Maity, alikuwa amekaa chini akiwa ameshikilia suruali yake kiunoni kwa kuwa walimnyang'anya mkanda. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama Mashima amekula. Nibedita alisema amekula, na kwamba yeye, Laltu, ajifikirie mwenyewe kwanza.

"Anasema hukwenda kwake Bijoya."

"Nilikwenda. Si mnasema wenyewe nimeonekana getini?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Borobabu anataka yote mawili. Nilikuwepo ili niibe, na sikuwepo ili niwe sina adabu."

Nibedita alilipenda jibu hilo kuliko ilivyompasa. Akamwambia aeleze taratibu. Laltu akasema usiku wa kuzamisha sanamu walicheza ngoma mpaka kulipokucha, kwa hiyo asubuhi alilala kama gogo. Alipoamka saa sita kasorobo akakuta simu ya Mashima haikupokelewa, imeingia saa tano kasoro dakika nane. Akaona ni heri aende mwenyewe, amsalimie na amsikilize shida yake kwa pamoja. Akapitia duka la vitamu, akanunua sondesh zenye maji ya waridi ndani, kumi na mbili, anazozipenda. Akabonyeza kengele mara tatu.

"Nilimsikia ndani anasoma namba kwa sauti. Nikadhani ni benki. Nikasema nisimsumbue mtu mzima. Boksi nikalifunga getini, nikaondoka. Nilimwambia Borobabu. Akasema wamemuuliza Mashima, kasema sikuja."

"Ulilifunga na nini?"

"Na kilichokuwa mfukoni. Waya."

"Wa rangi gani?"

Laltu alimtazama afisa huyu kama anayejiuliza kama bado ana akili zake. Akasema buluu, wa mtandao, anao mwingi.

Simu ya Laltu ilikuwa ndani ya bahasha ya vielelezo. Nibedita akaifungua, akaitazama. Saa tano kasoro dakika nane, namba ya simu ya mezani ya Bibi Pratima. Rekodi za kampuni ya simu ambazo Borobabu aliziomba zilikuwa za simu ya mkononi peke yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba bado kuna watu wana simu za mezani. Kwa hiyo bibi alikuwa amepiga simu asubuhi ile, na amesema hakupiga. Mwalimu anayeandika kila hatua amechana hatua mbili. Nibedita alihisi ule mwasho wake mzuri ukianza, na akaona haya kidogo kwamba anaufurahia wakati mtu ameshikilia suruali yake kwa mkono.

Lakini namba ya siri bado ilisimama. Bila kuing'oa hiyo, mengine yote yalikuwa maneno matupu.

Kompyuta ya bibi ilikuwa chumba cha vielelezo, imefungwa lakiri, ikisubiri wataalamu wa kitengo cha mtandao ambao foleni yao ilikuwa ya wiki tatu. Nibedita hakuwa mtaalamu. Alichokuwa nacho ni daftari. Akakata lakiri mbele ya karani, akasaini, akawasha mashine, akafuata hatua ya sita kama alivyoelekezwa: dirisha jeusi, neno fupi. Skrini ikamwaga mistari mingi, na mstari wa mwisho kabisa ulikuwa na namba ile, ikianza na nane tatu mfululizo. Ililingana na daftari mpaka herufi ya mwisho. Karani akasema haya, si ndiyo hiyo, fundi kaiuza.

Ingekuwa mtu mwingine angezima mashine, akaenda kula. Nibedita alirudi mezani kwake na kukaa akiitazama kompyuta yake ya kazini, ile kuukuu iliyokuwa inachukua dakika sita kuwaka na ambayo Laltu hajawahi hata kuvuta pumzi karibu yake. Alijiuliza swali la kitoto kabisa. Namba ya siri ya mashine ya Mashima ni hii. Ya kwangu mimi ni ipi?

Akaandika lile neno.

Mistari ikamwagika. Akaweka daftari kando ya skrini, akafuata kwa kidole. Akafuata tena, safari hii akisoma kutoka nyuma kwenda mbele. Kisha akaenda meza ya karani, akamwondoa kitini, akaandika neno lile huko. Akaenda chumba cha malalamiko, akaandika na huko. Mashine nne, namba moja. Haikuwa siri ya mtu yeyote. Ilikuwa alama tu inayokaa ndani ya kila kompyuta ya aina ile duniani, na Rohan aliisoma kwenye karatasi yake kama vile mtabiri wa sokoni anavyokwambia kwamba una adui.

Na yale makosa mekundu? Akafungua orodha kwenye mashine yake. Alikuwa na mia tatu na kumi na mbili, na kompyuta ilikuwa inafanya kazi, kwa uvivu wake uleule wa siku zote.

Borobabu alikuwa anakula samaki wake wa mchana ofisini. Nibedita alimwonyesha. Alikuwa mtu mkaidi lakini si mjinga, na alipoona namba ya daftarini ikitokea kwenye mashine yake mwenyewe alitoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani kwa adabu.

"Hiyo imeondoka," alisema. "Lakini bado alikuwepo getini. Na huyo tapeli, namba ya simu ya bibi aliipata wapi? Katika watu wote wa Kolkata, akampigia mjane mmoja wa Nabinpalli. Lazima kuna mtu alimwelekeza."

"Yupo. Nampa nafasi aniambie mwenyewe."

Borobabu akatazama saa. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Akasema karandinga halimsubiri mtu, na hakimu ndiyo kabisa.

Safari hii, nyumbani kwa bibi, Nibedita hakukaa. Alisimama kando ya simu ya mezani, akaweka daftari juu yake, akasema kwa upole kwamba sahani isiletwe kwanza. Bibi Pratima alisimama jikoni mlangoni, mikono ndani ya sari. Alikuwa ameona daftari limefunguliwa wapi.

"Mashima, mimi si mwanafunzi mzuri, lakini kuhesabu najua. Kabla ya tatu kuna moja na mbili."

Nje muuza samaki alikuwa anapita akitaja bei.

"Hatua ya kwanza," Nibedita alisema, "ulimpigia Laltu na simu hii. Hakupokea. Halafu?"

Bibi akaja akaketi. Alipoanza kusema alikitazama kitabu cha Puja, si afisa. Asubuhi ile mjukuu wake wa Kanada alikuwa apige simu ya picha kwa ajili ya Bijoya, na kompyuta ikawa inakokota miguu. Laltu hakupokea, akajua amelala, na sikukuu ni sikukuu, fundi naye ni mtu. Ndipo akakumbuka tangazo. Ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu cha klabu, ukurasa mzima, wa rangi: msaada wa kompyuta nyumbani, wazee wapewa kipaumbele. Akapiga namba ile kwa simu ya mezani. Binti akapokea, akachukua jina lake na namba yake ya mkononi, akasema mhandisi atampigia baada ya dakika tano. Na kweli alipigiwa.

Kwa hiyo aliposema polisini kwamba alipigiwa simu, hakusema uongo. Alisema nusu tu.

"Kwa nini ukaichana?"

"Kwa sababu kitabu hicho nakihariri mimi." Sauti ilikuwa ya dawati la mbele kabisa sasa. "Miaka kumi na tisa. Guha huleta matangazo, mimi nasahihisha. Tangazo hilo lilikuwa na makosa mawili nikayatengeneza kwa kalamu nyekundu. Nikaliweka ukurasa wa kulia, likae vizuri. Nakala mia nne, nyumba mia nne. Watu hapa hawaamini gazeti, hawaamini televisheni, lakini kilichomo kwenye kitabu cha Puja wanasema Mashima kakipitisha. Nilijua tangu simu ilipokatika. Nikaona aibu. Nikaona bora niwe bibi mjinga aliyepigiwa simu kuliko niwe mimi niliyeifungua njia."

Nibedita alihisi hasira, na hakuificha. Akamwambia kwamba aibu yake imelala mahabusu usiku mmoja bila mkanda.

Bibi Pratima akasema kwa haraka kwamba si yeye aliyemtaja Laltu, ni polisi. Yeye alisema tu hakuja, na ni kweli hakuja, angalikuja angalimwona.

"Kalamu hii umeifunga na waya gani?"

Bibi akautazama waya wa buluu kama kitu kilicholetwa sasa hivi. Akasema ulikuwa kwenye boksi. Jioni ile alipofungua geti alikuta boksi la sondesh limefungwa kwenye vyuma, sisimizi wameshafika. Klabu hugawia wazee vitamu kila Bijoya, akadhani ni ya klabu. Waya ulikuwa mzuri, akaukata, akautunza. Mtu wa umri wake hatupi kamba.

Nibedita akageuza daftari, akaweka kidole kwenye maandishi madogo pembeni ya hatua ya tisa. Bibi akayasoma maneno yake mwenyewe. Kengele, mara tatu. Akayasoma tena. Mkono wake ukapanda mdomoni, ukabaki hapo.

"Niliisikia," alisema baadaye. "Niliisikia vizuri sana. Rohan akasema, usifungue, Mama, wezi wanakuja kwa sura ya watu unaowajua."

Saa saba na nusu walikuwa wote watatu ofisini kwa Borobabu: yeye, Nibedita na Bibi Pratima aliyekataa kiti, mkoba wake kifuani. Kitabu cha Puja kilikuwa wazi ukurasa wa arobaini na moja. Nibedita alikuwa amepanga mambo kwa utaratibu: kinasa sauti mezani, karani kama shahidi, spika ya simu imefunguliwa. Borobabu angejifanya karani mstaafu wa reli mwenye kompyuta inayokokota miguu. Alikubali kwa dharau, akapiga namba.

Binti alipokea, akachukua jina, akaahidi mhandisi. Dakika nne. Simu ikaita, na Bibi Pratima akashika ukingo wa meza, maana sauti ilikuwa ileile.

Rohan alikuwa hodari, lazima ukweli usemwe. Alimwita Borobabu Baba, akamuuliza afya, akampeleka polepole hadi kwenye orodha ya makosa. Borobabu hakuwa ameiona hapo kabla. Mekundu yalipojaa skrini, uso wake ukabadilika, akafunika simu kwa kiganja na kumnong'oneza Nibedita kama kweli mashine ya serikali ina ugonjwa. Nibedita alimwandikia kwenye karatasi: yangu ina mia tatu na kumi na mbili, endelea.

Wakafika dirisha jeusi. Neno fupi. Na sauti ikaanza kusoma, kwa utulivu, nane, nane, nane, na kila ilichosoma kilikuwa pale kwenye skrini ya mkuu wa kituo cha polisi. Bibi Pratima alikuwa anaisoma pamoja naye kimoyomoyo; midomo yake ilionekana ikicheza. Rohan akamaliza, akasema unaona Baba, hii ni namba ya siri ya mashine yako peke yako, sisi tu ndio tunayo. Sasa nikuombe jambo moja. Usiongee na mtu, na akija mtu mlangoni, usimfungulie.

Borobabu aliinua macho kutoka kwenye skrini. Akasema umeme umekatika, mwanangu, nipigie kesho asubuhi. Rohan akaahidi atapiga, akamtakia Bijoya njema, akakata.

Kesho asubuhi kampuni ya simu ingekuwa tayari kwenye laini, na Bwana Guha angekaa kwenye kiti kile kueleza tangazo la ukurasa mzima lililetwa na nani, na kwa stakabadhi gani. Hayo yalikuwa ya kesho. Borobabu alivuta karatasi ya kumpeleka Laltu mahakamani, ile aliyoiandika kwa mkono wake, akaichora mstari kutoka kona hadi kona. Akamtuma karani akamtoe, na akasema, bila kumtazama mtu, ampe mkanda wake kwanza.

Laltu alikuja akipepesa macho kwa mwanga. Alisaini dhamana, akasaini kupokea simu yake, ndipo akamwona Bibi Pratima. Bijoya bado ilikuwa haijaisha. Akainama palepale, kwenye sakafu ya kituo, akamgusa miguu.

Mkubwa akiguswa miguu siku za Bijoya lazima atie kitu kitamu mkononi mwa aliyeinama, hilo halina mjadala. Bibi Pratima alifungua mkoba. Kilichokuwemo ni boksi lilelile, kwa kuwa nyumbani hakuwa amepata muda wa kuchukua kingine. Akatoa sondesh moja, akamlisha mwenyewe mdomoni.

"Nilikusikia, Laltu. Mara tatu."

Laltu alitafuna, akameza. "Ningebonyeza ya nne," alisema. "Nakusikia unasoma namba, na mimi ni fundi. Ningebonyeza ya nne, Mashima." Bibi akamkatalia kwa kichwa, na machozi yakamtoka mbele ya polisi wote wale bila kujifuta.

Nibedita aliwaachia nafasi, akaenda dirishani. Karandinga lilikuwa linatoka getini, tupu. Alipogeuka, bibi alikuwa amekaa kwenye benchi la walalamikaji, kalamu mkononi, daftari la kahawia gotini. Nyumba mia nne zilikuwa na kitabu kile, alisema, kwa hiyo nyumba mia nne zitapata karatasi kutoka kwake kabla ya magharibi, yenye jina lake chini, na ukweli wote. Laltu alikuwa ameketi kando yake, akimwambia ipi ni ipi: namba ile ni ya kila mtu, mekundu ni ya kila mtu, wa kweli haombi kuingia, wa benki haulizi namba.

"Ngoja, usinikimbize," bibi alimwambia. "Tuanze mwanzo."

Nibedita alipita nyuma yao na kuchungulia, kwa udadisi tu. Ukurasa ulikuwa mweupe, na mwandiko ulikuwa umerudi kutulia. Hatua ya kwanza, aliandika mwalimu, kengele ikilia, fungua mlango.